Doa Lililokula Jina

Mimi ni mchapaji. Duka letu lipo Remera, jijini Kigali, karibu na makutano ya Giporoso, ambako mabasi ya kwenda Kanombe na pikipiki za abiria hupishana tangu alfajiri. Tunatoa fotokopi, tunachapa kadi za harusi, vipeperushi vya mikutano ya injili, mabango ya kufungulia saluni na vijitabu vya mazishi. Kazi hii niliianza 2009, na kwa miaka 14 niliamini kwamba naijua. Ushuhuda wangu ni wa siku moja ya Machi 2023, siku ambayo mtoto wa miaka 9 alisimama mbele ya bango langu akasoma jina la mtu asiyekuwepo.

Nilizaliwa Biryogo, kule Nyamirambo, katika nyumba ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya ndani na Kinyarwanda lugha ya barabarani. Baba yangu alikuwa mchoraji wa mabango. Alichora kwa brashi na rangi ya mafuta: vinyozi, mafundi baiskeli, wauza maziwa. Kabla ya kuchora alipiga mistari miwili kwa kamba iliyopakwa chaki, akarudi nyuma hatua 10, akatazama ukuta mtupu kwa muda mrefu. Alinifundisha kanuni moja tu: "Mwandikie mtu aliye juu ya moto." Moto ndivyo tunavyoziita pikipiki za abiria hapa Kigali. Abiria wa moto anapita mbele ya duka lako kwa sekunde mbili, kofia ngumu kichwani, vumbi machoni. Asipokusoma kwa sekunde mbili hizo, hukuandika kitu.

Niliiheshimu kanuni hiyo kama mtu anavyoheshimu koti la baba yake: nilijua ni zuri, lakini sikulivaa. Mimi nilipenda kitu kingine.

Kazi yangu ya kwanza ya kompyuta ilikuwa kutengeneza makasha ya diski za agasobanuye, zile filamu za nje ambazo msimulizi huzieleza kwa Kinyarwanda juu ya sauti za waigizaji. Wateja wa Biryogo walitaka pia filamu za Kiswahili kutoka Tanzania, hasa za mizimu. Filamu za Mussa Banzi kama Nsyuka na Shumileta zilizungushwa nyumba hadi nyumba hadi diski zikakwaruzika. Makasha yake yalinivuta kuliko filamu zenyewe. Nilizitazama zile herufi zilizochubuka, zinazochuruzika, zinazoonekana kama zimeandikwa usiku na mtu mwenye haraka, nikasema: hapa ndipo ufundi ulipo.

Nikaanza kuzikusanya. Kompyuta nyingi zenye programu za Microsoft zilikuwa na Chiller, herufi za kutisha alizozibuni Andrew Smith mwaka 1995, na Papyrus, zile zenye kingo zilizochanika ambazo leo zimejaa kwenye kadi za harusi na mbao za hoteli Afrika Mashariki nzima. Hizo zilikuwa mwanzo tu. Usiku, intaneti ikiwa nyepesi, nilipakua nyingine kwa mamia. Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa na herufi kubwa tupu, iliyochorwa kwa mkono kwa wino kisha ikachakazwa makusudi. Miguu yake ilikuwa myembamba, imekatikakatika. Mgongo wa B ulionekana kama mbao iliyoliwa na mchwa. Tumbo la O lilizibwa nusu na tone la wino, na kandokando ya kila herufi palikuwa na vidoadoa kama vilivyorushwa na kalamu iliyokwama kisha ikafyatuka. Ukiandika neno lolote kwa herufi hizo, hata neno "chai", lilionekana limetoka katika sanduku la marehemu.

Nilizitumia kwenye tamthilia za wanafunzi wa sekondari. Nilizitumia kwenye mabango ya mikesha ya maombi dhidi ya mapepo. Wateja walizipenda, nami nikajulikana Remera kwa kazi hiyo. Mtu akitaka kitu "chenye uzito", alielekezwa kwangu. Polepole, bila kukaa chini na kuamua, nikaanza kuziweka kwenye kazi za msiba pia. Nilifikiri hivi: huzuni ni nzito, herufi hizi ni nzito, basi zinafaana.

Dalili kwamba nakosea zilikuwepo mapema. Jirani yangu wa duka hukata stika kwa mashine. Mashine hiyo hufuata ukingo wa herufi kwa kisu kidogo kama ncha ya sindano, na herufi safi ina ukingo wenye pointi chache. Herufi iliyochakazwa ina mamia, kwa sababu kila kidoa kina mzunguko wake. Siku niliyompelekea jina la saluni kwa herufi zangu, kisu kilizunguka juu ya herufi moja kama nzi, stika ikachanikachanika, na msichana anayeng'oa mabaki kwa kibanio akakaa saa nzima akiokota punje. "Kaka," jirani akaniambia, "herufi hizi zinaua kisu." Nilimlipa nikaondoka.

Dalili ya pili ilikuwa majina. Wanyarwanda wengi wana majina ya ubatizo ya Kifaransa, yenye alama juu ya herufi. Fonti nyingi za bure hazina alama hizo. Ukiandika é, panatokea kisanduku kitupu. Nilikuwa nikifuta alama na kuacha E kavu, nikijiambia hakuna atakayeona. Mwenye jina huona. Ila wengi hawasemi, kwa sababu wana mazishi au harusi, hawakuja kugombana na mchapaji.

Basi ikafika ile wiki ya mwisho ya Machi 2023. Hapa kwetu kila mwaka, kuanzia tarehe 7 Aprili, nchi huingia katika Kwibuka, yaani kukumbuka, kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Kuna ibada za taifa, na kuna za familia, ambazo kila ukoo hufanya siku waliyouawa watu wake. Wiki hizo maduka ya uchapaji hujaa watu wenye bahasha za picha.

Mama mmoja mzee aliingia akiwa na mjukuu wake. Alijitanda kitambaa cha kijivu, mkononi ameshika mfuko wa karatasi. Alinisalimu kwa Kiswahili cha Biryogo, kwa kuwa aliwahi kuuza vitenge kule na aliwajua wazazi wangu. Akatoa daftari la shule lisilo na jalada, akaliweka mezani kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "hawa ni watu wangu. Mwaka huu nataka wasomwe wote, na atakayewasoma ni huyu mdogo."

Ndani mlikuwa na majina 23, yameandikwa kwa kalamu ya wino. Mengine wino ulikuwa umesambaa hadi mistari ya daftari imepotea. Majina 14 ya kwanza yalikuwa ya bluu, kuanzia la 15 ni meusi. Alitaka bango moja la ukutani na vijitabu 40.

"Mama, usiwe na wasiwasi," nikamjibu. "Nitakutengenezea kitu cha heshima."

Nilimaanisha. Usiku ule nilikesha. Nilichukua mandhari ya karatasi kuukuu ya kahawia, ile ambayo kingo zake zimetengenezwa zionekane zimeungua. Juu yake nikapanga majina yote 23 kwa zile herufi zangu za wino na madoa. Kichwa cha bango nikakiongezea michirizi inayoteremka. Nilipolitoa kwenye mashine asubuhi nilijivunia. Niliona nimeshuka katika huzuni ya yule mama na kurudi nayo kwenye turubai.

Alikuja mchana. Nililifungua bango, tukalishika mimi upande mmoja na mfanyakazi mwenzangu upande wa pili. Mama alilitazama kimya. Kisha akanyoosha kidole kwenye kona.

"Hii imeungua?"

"Hapana, mama. Ni mapambo tu ya kwenye kompyuta."

"Nyumba yetu iliungua kweli," akasema.

Hakupaza sauti. Akamgeukia mjukuu wake na kumwambia asome, afanye mazoezi. Mtoto akasogea, akaanza. Alisoma vizuri, jina baada ya jina, mikono nyuma kama shuleni. Kwenye jina la tisa akasoma jina jingine. Bibi yake akamsahihisha. Mtoto akatazama tena, akakaribia hadi pua ikagusa bango, akasema kwa adabu: "Bibi, imeandikwa hivyo."

Niliinama kutazama. Mtoto alikuwa sahihi. Doa la wino la herufi zangu lilikuwa limeifunga E, ikawa O. Katika Kinyarwanda herufi moja inatosha kumfanya mtu kuwa mtu mwingine, na pale palisomeka jina jingine kabisa, la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa katika ukoo ule.

Mama akakaa kwenye kiti cha wateja. Akasema maneno ambayo nayabeba hadi leo: "Huyu hakuacha mtoto. Hakuacha picha. Alibakiwa na jina tu. Sasa nalo limeliwa na doa." Akanyamaza, kisha akaniuliza, kama anayetaka kweli kujua: "Na mbona herufi zenyewe zinatisha, mwanangu? Watu wangu hawakuwa watu wa kutisha."

Sikuwa na jibu. Nimeshawahi kugombezwa na wateja kwa sababu ya rangi kupauka na tarehe kukosewa, na kila mara nilikuwa na la kusema. Siku ile nililikunja bango, nikaliweka chini, nikamwomba radhi, nikamwomba pia anipe nafasi ya kuanza upya.

"Tuanze," akasema. Akavuta kiti karibu na kompyuta.

Tulikaa hadi jioni. Alinitajia jina moja moja huku kidole chake kikifuata daftari, na kila doa alilolifikia alilieleza. Mwaka 1994 yeye alikuwa miongoni mwa watu wapatao 12,000 waliojihifadhi katika Uwanja wa Amahoro, hapa hapa Remera, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Kutoka mlangoni mwetu ungeweza kuelekeza kidole upande ulipo. Mwaka ule wa 2023 uwanja ulikuwa katika ukarabati mkubwa. Baada ya kunusurika, mwaka 1995 alirudi kilimani kwao na daftari hili. Alikwenda kwa majirani waliobaki, akauliza nani alikuwa nyumbani siku ile, akaandika. Kalamu ya bluu iliisha kwenye jina la 14, ndiyo maana la 15 ni jeusi. Aliazimwa nyingine na mwalimu. Wino ulisambaa kwa sababu daftari alilificha juu ya dari, na mvua ikavuja. Mstari mmoja umepinda, umeteremka hadi nje ya ukingo wa karatasi. "Hapa," akasema, "jirani alikuwa akinieleza kuhusu mtoto wa dada yangu. Mkono ulikataa."

Nilipofunga duka nililiweka daftari kando ya chapisho langu, taa ikiwa juu yake, nikalinganisha. Nilichagua jina lenye A nne. Kwenye daftari, A zote nne zilikuwa tofauti: moja imeegemea, moja imekosa mstari wa kati, moja imeandikwa juu ya kosa lililofutwa. Kwenye chapisho langu, A zote nne zilikuwa na doa lile lile, mahali pale pale, chini ya mguu wa kulia. Nilihesabu ukurasa mzima, doa lile likajirudia kwenye kila A. Lugha zetu, Kinyarwanda na Kiswahili, zimejaa A, na maneno yake huishia kwa irabu, kwa hiyo uongo wa herufi hizi hujitaja haraka zaidi kwetu kuliko kwa Mwingereza. Zipo fonti mpya zaidi ambazo kila herufi ina sura mbili tatu na programu huzizungusha zisifuatane, lakini hata hizo ni madoa matatu yanayopokezana zamu. Mkono wa mama yule haukuwa na zamu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Uchakavu wa kweli una sababu. Kila doa kwenye daftari lile lilikuwa na mvua yake, na kalamu yake, na habari iliyoutetemesha mkono. Uchakavu wangu haukuwa na sababu yoyote isipokuwa mimi kutaka watu waone huzuni. Nilikuwa nimechukua madoa ya kupakuliwa na kuyamwagia juu ya majina ambayo tayari yalikuwa na madoa yao.

Baada ya siku hiyo nilitaka kujua herufi hizi zilitoka wapi. Nimesoma kwa miezi mingi, na nilichokipata kilinithibitishia maneno ya mama yule.

Herufi nyingi za kale zina kingo zilizofura kwa sababu za kikazi. Karatasi zililoweshwa kabla ya kuchapwa, risasi ya herufi ilichakaa kwa kutumika, wino ukasambaa kwenye nyuzi. John Fell, askofu wa Oxford aliyefariki 1686, alikiachia chuo kikuu cha huko hazina ya herufi, na katika zama zetu Mwitaliano Igino Marini amezileta kwenye kompyuta pamoja na mitetemo yake yote, na kuzitoa bure. Hizo ukizitazama ni chakavu, lakini husomeka, kwa sababu aliyezichonga alitaka zisomeke. Miaka ya 1890, huko Chicago, kampuni ya Barnhart Brothers & Spindler iliuza herufi zilizochongwa zikiwa zimechakaa tangu kuzaliwa. Baadaye zikaitwa Caslon Antique, ingawa hazihusiani na mchonga herufi William Caslon. Uzee ukawa bidhaa. Hata Papyrus ina kazi ya mkono ndani yake: Chris Costello aliichora mwaka 1982 kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya kukwaruza, akifikiria maandishi ya mafunjo ya kale.

Lakini kilichonisimamisha ni filamu ya Marekani iitwayo Se7en, ya 1995. Majina ya mwanzo ya filamu hiyo, aliyoyatengeneza Kyle Cooper, yalikwaruzwa kwa mkono, yanarukaruka na kutetemeka, na watu wengi duniani wakauiga mtindo huo. Wakati majina yale yanapita, kinachoonyeshwa ni mikono ya muuaji akitengeneza madaftari yake. Mwandiko ule ulitungwa uzungumze kwa sauti ya muuaji. Katika filamu hiyo umekaa mahali pake, na ni kazi ya ustadi mkubwa. Mimi niliichukua sauti hiyo nikaiweka juu ya majina ya waliouawa. Nilipoliona jambo hili nilifunga kompyuta, nikatoka nje, nikatembea hadi eneo la Kisimenti na kurudi kwa miguu.

Nilifikiri pia kuhusu maandishi yetu wenyewe. Barua za Kiswahili kongwe kuliko zote zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa hati za Kiarabu, na leo zimehifadhiwa Goa, India. Aliyeziandika hakutaka zionekane za kale. Zilikuwa za asubuhi ile, wino haujakauka, na alitaka zisomeke kwa aliyepelekewa. Uzee ulikuja wenyewe, kwa miaka zaidi ya 300 na safari ya bahari. Hakuna fundi anayeweza kuutia kwa kubofya.

Kazi ya mama yule tuliifanya hivi. Bango likawa jeupe, majina meusi, makubwa, kila jina na mstari wake. Herufi nilizochagua ni Gentium, alizozibuni Victor Gaultney wa shirika la SIL ili lugha nyingi za dunia zipate alama zake zote. Ni za bure, na é yake imo. Kwenye kijitabu, ukurasa wa kushoto niliweka picha ya daftari lenyewe kama lilivyo, pamoja na maji yake na mstari uliopinda. Ukurasa wa kulia niliweka majina yale yale yaliyopangwa safi, mstari ukikabiliana na mstari. Anayetaka kuuona mkono wa mama anauona kushoto. Anayetaka kumwita mtu kwa jina lake analipata kulia. Mjukuu alisoma yote 23 kabla sijatoa nakala ya pili. Kwa bango la kwanza sikumtoza kitu, na la pili nililipia mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimebadilika katika mambo ambayo mteja wangu anaweza kuyaona. Sichapi jina la mtu kabla halijasomwa kwa sauti na mtu asiyelijua. Humwita kinyozi wa jirani, au dereva wa moto anayesubiri abiria, nikamwomba asome akiwa ng'ambo ya barabara. Akisita, naanza upya. Sifuti alama ya jina la mtu ili kuiokoa fonti yangu. Naitafuta fonti yenye alama hiyo. Mteja akileta maandishi ya mkono, nayapiga picha kwanza, na ninamuuliza kuhusu madoa yake kabla sijagusa chochote. Mara nyingi kijitabu chote hutokana na jibu la swali hilo.

Herufi zangu za kutisha sikuzitupa. Zina kazi yake, nayo ni hadithi. Mwaka 2024 vijana wa tamthilia walinijia na mchezo wa mzimu anayekaa kisimani. Niliwafanyia bango kwa furaha, ila safari hii sikubofya. Nilinunua wino, nikachonga kijiti, nikachora kichwa cha mchezo kwenye karatasi ngumu, nikapuliza matone kwa mdomo. Kila A ilipata doa lake. Baba yangu alikuja dukani, akarudi nyuma hatua 10 kama zamani, akatazama. "Inasomeka," akasema. Kwa baba yangu hakuna sifa iliyo juu ya hiyo.

Watu husema jina jema hung'aa gizani. Nimejifunza kwamba mchapaji ni mmoja wa wanaoweza kulizima, na bila nia mbaya hata kidogo. Kule Gisozi, kwenye Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari wa Kigali, ambako wamelazwa zaidi ya watu 250,000, kuna ukuta wa majina ambao bado haujakamilika, kwa sababu wengi waliolala pale majina yao hayajapatikana. Jina lililookolewa kwa daftari la shule na kalamu ya kuazima ni mali kubwa. Halihitaji kuongezewa huzuni.

Aprili 2024, katika mwaka wa 30 wa Kwibuka, mama yule alinialika kwenye kumbukumbu ya ukoo wake. Nilikaa nyuma. Mjukuu, ambaye sasa alikuwa na miaka 10, alisimama na kijitabu akasoma majina 23 bila kusita. Kwenye jina la tisa nilishusha macho. Alilitamka sawasawa, akaendelea na la kumi.

Wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna daftari, barua au kitabu cha sala chenye majina yaliyoandikwa kwa mkono, usisubiri mvua. Kitoe leo, kiweke karibu na dirisha penye mwanga wa mchana, kipige picha ukurasa mzima, nakala moja uhifadhi wewe na nyingine ndugu yako. Muulize aliyeandika kuhusu madoa yake angali hai. Nawe mchapaji mwenzangu, mteja akikukabidhi jina la mtu wake, mwite mtu mmoja asiyelijua, alisome kwa sauti kabla hujachapa. Akilikosea, kosa si lake.